Kipenga kimepata ngazi, mpira bado

Mwanamke wa Rwanda anayejulikana kuliko wote katika soka la dunia hakujulikana kwa kufunga mabao. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga alipuliza kipenga cha kuanzisha mechi ya Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwaka huohuo alikwenda Qatar, mmoja wa marefa wa kati watatu tu wa kike walioitwa kwenye Kombe la Dunia la wanaume. Haikutimia miaka miwili tangu Yaoundé, timu yetu ya taifa ya wanawake, She-Amavubi, ikaikaribisha Ghana kwenye Uwanja wa Pelé hapa Nyamirambo, Kigali. Ilikuwa Septemba 2023. Tulifungwa 7 bila, na kwenye marudiano kule Accra tukaongezwa 5. Nayaweka matukio haya pamoja kwa makusudi, maana moja linalielezea jingine.

Wapo wanaosema ni suala la kipaji. Sikubali. Mungu hagawi kipaji hivyo, nchi moja ikajaliwa marefa wa kike ikanyimwa wachezaji. Tuitazame njia aliyopita Mukansanga. Utotoni aliutamani mpira wa kikapu, na masomo yake yalikuwa ya uuguzi na ukunga. Lakini alipoingia kwenye urefa alikuta ngazi imesimama: kozi, mtihani, daraja, kisha daraja la juu yake. Alipata beji ya FIFA mwaka 2012, akachezesha Kombe la Dunia la wanawake Ufaransa mwaka 2019, akaenda Olimpiki ya Tokyo, na ili apewe mechi za wanaume alitakiwa kufaulu majaribio yaleyale ya mbio wanayokimbia marefa wanaume. Miaka kumi, na katika kila hatua aliweza kujua inayofuata ni ipi na inadai nini. Sasa mfikirie binti wa miaka 15 anayepiga danadana kwenye vichochoro vya Biryogo. Nani amemwonyesha hatua yake ya pili? Akichukuliwa na klabu, je, kuna karatasi atakayotia saini, inayosema atalipwa nini mwezi ambao hauna mechi, na nani atagharimia matibabu akiumia goti? Kama haipo, binti huyo anajitolea, hata tukimwita mchezaji. Na Ghana hawakutuzidi kwa miguu tu. Walikuja na wachezaji ambao kadhaa kati yao mpira ndio ajira yao, wanaamka asubuhi kuufanyia kazi.

Nitajibiwa kwamba mshahara hutoka kwa watazamaji, na wanawake hawajazi viwanja. Hoja hii ina uzito, lakini historia inaipinga. Desemba 1920 watu wapatao 53,000 waliingia Goodison Park, Liverpool, kuitazama timu ya wanawake ya Dick, Kerr. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake, na marufuku hiyo ikadumu karibu nusu karne. Watazamaji walikuwapo, waliondolewa. Kwetu pia dalili zipo. Rayon Sports ilipounda timu ya wanawake, jezi ya buluu na nyeupe ilikwenda nayo, na ligi ya msimu wa 2023/24 ikaishia mikononi mwake baada ya miaka mingi ya utawala wa AS Kigali. Shabiki hupenda jezi kwanza, mguu unaoivaa baadaye. Simba ya Dar es Salaam nayo ilifika nafasi ya nne ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika mwaka 2022, kule Morocco.

Morocco hiyohiyo inajibu pingamizi jingine, ambalo katika mtaa huu wa misikiti haliwezi kupuuzwa: kwamba kazi hii haina stara. Mzazi anayeuliza binti yake atavaa nini na atarudi nyumbani na nani anauliza swali halali, na klabu isiyo na jibu haistahili kupewa mtoto. Ila stara imeshapata nafasi uwanjani. Hijabu iliruhusiwa rasmi mwaka 2014, na Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, aliivaa kwenye Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023. Wala hakufika pale kwa bahati. Tangu 2020 shirikisho la Morocco liliifanya ligi ya wanawake kuwa ya kulipwa, likasaidia klabu kulipa mishahara, na matunda yakaonekana upesi: fainali ya Afrika mwaka 2022, hatua ya 16 bora ya dunia 2023, fainali ya Afrika tena 2025. Nchi ya Kiislamu ilijenga ngazi, na mabinti wakaipanda wakiwa na heshima zao.

Kwamba Rwanda haina fedha za Morocco, ni kweli, na sidai mishahara ya Rabat. Ila Félicité Rwemarika alianza kuwakusanya wanawake kwenye mpira kupitia shirika la AKWOS katika nchi iliyokuwa inatoka kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, akiwa na vichache kuliko tulivyo navyo leo, na mwaka 2018 akaingia katika Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Vidato vya chini vya ngazi havina gharama kubwa: mkataba ulioandikwa na kusajiliwa, ratiba inayojulikana kabla ya msimu, bima ya majeraha, na likizo ya uzazi ya wiki 14 ambayo FIFA iliiweka kwenye kanuni tangu 2021. Uwanja tayari tunao, uliopewa jina la Pelé Machi 2023 mbele ya viongozi wa soka waliokuja kwenye mkutano mkuu wa FIFA. Binti wa Biryogo mwenye miaka 15 leo atakuwa na 25 baada ya miaka kumi, muda uleule uliomfikisha Mukansanga Yaoundé kutoka kwenye beji yake, na hesabu ya miaka hiyo kwake imeshaanza.