Konokono wa Ruwenzori na Jina Lisiloandikwa

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliongoza msafara kupanda milima ya Ruwenzori. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, walibeba mizigo. Konokono waliokusanywa walichunguzwa na Carlo Pollonera, naye akatangaza spishi mpya.

Kumbukumbu ya kielelezo cha makumbusho kwa kawaida hutaja spishi, mahali, tarehe na mkusanyaji. Je, kumbukumbu isiyo na uongo wowote yaweza kuwa na dhuluma? Nasema yaweza. Konokono hao walikuwa wapya kwa sayansi, si kwa watu walioishi nao.

Wapo watakaosema kwamba lebo ni ya sayansi, si ya shukrani. Nakubali kwamba bila lebo tusingejua leo ni viumbe gani waliishi mlimani wakati huo. Lakini hata kulifikia hilo “mahali” kulitegemea mabega ya wengine. Basi wabebaji nao waandikwe. Pale jina lisipojulikana, iandikwe kwamba halijulikani. Huo nao ni ukweli, na sayansi haipungukiwi kwa kuongezewa ukweli.