Herufi B kwenye Picha ya Noeli

Vijana wenzangu, leo nawashirikisha picha moja iliyonifundisha kusali.

Kuna wiki nilikuwa kanisani kwa mwili tu. Ujumbe ulikuwa umetoka nyumbani: ada ya mdogo wangu haijalipwa, mama ameshakopa. Nikajiambia, haya niyaache mlangoni, hapa ni mahali pa sala. Wapi! Kila nikifumba macho, ada hiyo hapo.

Padre mlezi wangu wa kiroho akanipa nakala ya picha ya Kuzaliwa kwa Bwana, kutoka kitabu cha Padre Jerónimo Nadal, Mjesuiti. Mtakatifu Inyasi wa Loyola ndiye aliyemhimiza aandae kitabu cha kuwasaidia mafrateri wa shirika lao kutafakari Injili. Nadal alifariki mwaka 1580, na picha zake 153 zikachapwa Antwerp mwaka 1593, enzi ya Baroko ikianza. Nyingi zilichongwa na ndugu wa familia ya Wierix, mstari kwa mstari kwenye mabamba ya shaba. Wino ulijazwa kwenye mistari ile, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake.

Ndani ya kila picha kuna herufi ndogo, na chini yake maelezo. Unaitazama A, unatulia, unasali. Ndipo unakwenda B.

Mimi nikakimbilia D, pale Mtoto alipolazwa chini juu ya nyasi kavu. Padre akaniuliza, "Frateri, B umeiona?"

Nikarudi mwanzo. A ni mji wa Bethlehemu. C ni pango. Na B? Mahali watu wanapolipa kodi!

Nilinyamaza. Mwinjili Luka anataja amri ya Kaisari Augusto kabla ya kutaja hori, na Nadal hakuiruka. Kodi imo ndani ya picha ya Noeli, tena imepewa herufi yake, na unaipitia kabla ya kumfikia Mtoto. Maria na Yosefu hawakwenda Bethlehemu kutembea. Waliitwa na orodha ya serikali. Mungu akazaliwa humo humo.

Jioni ile sikuifukuza ada. Niliipa herufi. Nikamtajia Yesu jina la mdogo wangu, kiasi kinachodaiwa, na aibu ya mama mbele ya waliomkopesha. Deni halikulipika usiku ule. Ila nilisali kweli, na asubuhi nikampigia mama simu niliyoikwepa siku nne.

Wewe je? Leo kabla ya kulala soma Luka 2:1-20. Chukua karatasi, chora tukio hilo hata kama hujui kuchora, uweke herufi zako. Na lile jambo unaloona halistahili kuingia kanisani, liandikie B. Usiliruke. Njia ya kwenda pangoni inapita hapo.

Tuombeane.