Ngazi ni za Nani

Katika jengo la ghorofa maji hayapandi yenyewe. Bomba la mtaani huyafikisha kwenye tangi lililofukiwa ardhini, pampu huyasukuma hadi kwenye masimtanki yaliyo juu ya paa, kisha hushuka yenyewe kwenda jikoni na bafuni kwa kila mpangaji. Pampu ikiungua, hatuumii wote sawasawa. Wa ghorofa ya kwanza hutoka na ndoo, huchota kwenye bomba lililo karibu na kibanda cha mlinzi, akarudi ndani kabla chai haijachemka. Wa juu hubeba. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, na hakuna familia inayomaliza siku kwa dumu moja. Lifti, katika majengo ninayoyazungumzia, huwa imekufa kabla ya pampu.

Ninapanga katika jengo la namna hiyo Upanga, Dar es Salaam. Ndani ya nyumba sina la kulalamikia: vigae vizuri, madirisha makubwa, na jioni upepo wa bahari unapita chumba hadi chumba. Ubovu unaanzia nje ya mlango wangu. Taa za ngazi ziliungua moja baada ya nyingine na hakuna aliyezirudisha. Chemba ya maji machafu hufurika kila masika. Kwenye mlango wa lifti kulibandikwa karatasi kwamba iko kwenye matengenezo, na karatasi hiyo imekaa hadi wino umepauka. Uongozi wa jengo, kwa jinsi tunavyouona sisi, ni kijana mmoja mpole anayeshinda na walinzi pale getini. Ukimfuata, jibu lake ni lile lile: "Dada, nimempigia bosi, hajapokea." Anasema kweli. Amenionyesha simu yake. Alikabidhiwa funguo za jengo zima bila kukabidhiwa fedha ya kununua hata balbu moja, na matusi yote ya wapangaji yanamwangukia yeye. Sijawahi kuona haki katika kumtukana mtu wa namna hii, ingawa najua kwa nini watu wanamtukana: ndiye pekee aliye karibu.

Ukaribu huo ndio ninaoufikiria sana siku hizi.

Wengi wa wazazi wetu walipoingia mjini walipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, Magomeni au Ilala au Temeke. Korido katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba mara nyingi alikaa humo humo, chumba cha mbele kinachotazama barazani. Sitaki kuipamba nyumba hiyo. Mama mwenye nyumba alijua nani kaingia saa ngapi na nani kamleta nani, alipima sauti ya redio yako, na ugomvi wa umeme ulikuwa haukauki, nani ana pasi, nani ana friji, nani amechelewa kuchangia. Kuna waliohamishwa kwa sababu ndogo ambazo hata baraza la wazee lisingezikubali. Lakini choo kilipojaa, kilijaa na kwake. Bati lilipovuja, beseni la kukinga matone liliwekwa na chumbani mwake pia. Na asubuhi, mpangaji aliyelala na mtoto kwenye chumba chenye unyevu alitoka, akampa shikamoo, naye alilazimika kumtazama usoni na kuipokea. Aliona haya. Haya hiyo ilinunua mabati mengi kuliko mkataba wowote, maana mikataba yenyewe haikuwapo.

Jengo la ghorofa limemwondoa mwenye nyumba machoni petu, na sisi machoni pake. Anaweza kuwa anaishi Mbezi Beach, anaweza kuwa Toronto. Anaweza kuwa si mtu mmoja bali warithi watano wasiosemezana tangu arobaini ya baba yao, kila mmoja akisubiri mwenzake atoe fedha ya lifti. Kodi inamfikia kwa benki au kwa simu. Harufu ya chemba haimfikii. Sidhani kwamba watu hawa wana roho mbaya kuliko yule mama wa Magomeni, na baadhi yao nina hakika ni wacha Mungu wanaotoa sadaka bila kujitangaza. Ila hawajawahi kupanda ngazi za jengo lao usiku bila taa, na jambo usilolipitia kwa miguu yako ni rahisi kuliahirisha hadi mwezi ujao.

Wala hili si la matajiri binafsi peke yao. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa hapa hapa katikati ya Dar es Salaam, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ya Msajili iliunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Nia ya utwaaji ule wa 1971 naiheshimu hadi leo: mtu asitajirike kwa sababu tu mwenzake hana pa kulala. Watumishi wa kawaida walipata kukaa mjini kwa kodi waliyoimudu. Lakini kodi ndogo haikutosha kununua rangi na mabomba, na jengo lililokuwa la umma wote likakosa mlango wa kwenda kugonga. Ofisi nayo iko mbali, hata kama iko mtaa wa pili. Kwa hiyo nimeacha kuamini kwamba jibu liko katika nani anamiliki.

Kuna desturi moja ambayo imetuharibia maadili kuliko nyingine zote, nayo ni kodi ya kulipa mbele. Katika mji wetu mpangaji hutoa miezi sita kwa mkupuo, au mwaka mzima, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Ni fedha ya kukopa kazini, ya kuuza shamba dogo kijijini, ya kuchangiwa na ndugu. Siku anapoikabidhi, ndipo nguvu yake yote inapoisha. Maji yakikatika wiki ya pili, hana cha kushikilia mkononi. Atalalamika, atabembeleza, ataanza kuhesabu miezi. Mwenye nyumba naye, hata awe mtu mwema, hana tena sababu ya kuharakisha. Fedha imeshaingia na imeshaenda kwenye msingi wa jengo lingine. Najua wenye nyumba wana hoja yao, wamewahi kukimbiwa na wapangaji wenye deni, na kumtoa mtu kwa njia ya sheria huchukua muda mrefu. Hoja hiyo ina uzito. Bado naona si haki upande mmoja wa makubaliano kutimiza wajibu wake wote siku ya kwanza, na upande wa pili kuachiwa kutimiza wake kwa hiari.

Mzigo nao una tabia ya kuteremka. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, mpangaji ndiye anayekatwa. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila ghorofa au fleti yenye mita. Serikali ilieleza kwamba wapangaji na wenye nyumba wakubaliane namna ya kurudishiana. Nenda kamwambie mtu asiyepokea simu ya lifti kwamba unamdai fedha unayokatwa kila mwezi.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtwisha mpangishaji wajibu hata pale mkataba usipoutaja: akipangisha sehemu ya jengo, ni juu yake kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu, na njia na mitambo inayotumiwa na wote. Kenya iliweka masharti yanayofanana sana na hayo katika Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 2012. Yaani ngazi zetu zina mwenyewe, na ameandikwa. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yapo kusikiliza mashauri ya aina hii. Lakini nani ataomba ruhusa kazini, alipe nauli na ada, arudi tarehe baada ya tarehe, kwa ajili ya balbu? Na akishinda, mkataba wake ukiisha, ataongezewa? Watu wananyamaza si kwa ujinga. Wanajua bei ya kusema.

Kunyamaza huko kuna bei kubwa zaidi. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, mchana kweupe, likaua watu zaidi ya 20, na waziri mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya eneo lile. Aprili 2016 jengo la wapangaji lilianguka Huruma, Nairobi, katika msimu wa mvua, likafukia familia nzima. Sisemi kila ufa ni kaburi. Ila tuna methali ya ufa na ukuta tunayofundishwa tangu darasa la tatu, na katika jengo la wapangaji thelathini methali hiyo inakwama mapema sana, maana haikusema ufa wa ngazini ni wa nani kuuziba. Fundi akija huulizwa amelipwa na nani. Mpangaji akiuona, anadhani wa juu yake ameshausema.

Hapo ndipo na sisi tunapoingia hesabuni. Mwaka jana bibi mmoja wa ghorofa ya sita alifariki kwake, baada ya miezi mingi ya kutoshuka chini kwa sababu magoti hayakumruhusu na lifti haikuwapo. Wengi wetu hatukujua kwamba yupo. Siku ya maziko vijana walilishusha jeneza kwa ngazi, wakiliinamisha kila kona kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kugeuka, huku wengine wakimulika kwa simu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu walipopita. Watoto wake walikuwa wanatuomba radhi. Walituomba radhi sisi, majirani, kwa usumbufu.

Sikuweza kulala vizuri kwa siku kadhaa. Mwenye jengo alikuwa na deni lake kwa yule bibi, hilo halina ubishi. Lakini dumu moja la maji kwa siku, kutoka kwa kijana yeyote mwenye nguvu kati ya ghorofa zote zile, lisingehitaji saini ya bosi. Kumbishia hodi nako kusingehitaji. Tulikuwa tumejifunza kwa mwenye nyumba wetu namna ya kuishi: kila mtu na mlango wake, na kinachoanzia nje ya mlango ni cha watu wengine. Mifuko ya taka iliyokuwa ikiachwa kwenye kona za ngazi haikuachwa na mwenye nyumba.

Baada ya matanga tulikutana uani, wapangaji karibu wote, kwa mara ya kwanza. Mabishano yalikuwa makali. Mzee mmoja mstaafu alisema tusichange hata senti, kwa sababu kila tunachokitengeneza tunamfundisha mwenye jengo kwamba hahitajiki. Ana haki, na sikumpinga ili kumshinda. Nilisema tu kwamba balbu tununue leo, maana mtu ataanguka usiku huu na si siku ya hukumu. Pampu iwe yake, na kama tukilazimika kuinunua, risiti itunzwe na ikatwe kwenye kodi kwa maandishi. Tukakubaliana hivyo, kwa shingo upande. Dada mmoja mhasibu alichukua daftari la michango, na kila mwisho wa mwezi hubandika ukurasa kando ya lifti: kilichoingia, kilichotoka, nani hajatoa. Kijana wa getini alikuwa wa kwanza kuchangia. Wavulana wa ghorofa ya pili na ya tatu waligawana zamu za kumpandishia maji mama mjamzito wa ghorofa ya saba.

Kisha tukaandika barua moja, saini zote chini. Haikuanza na lifti. Ilimwomba mwenye jengo aje mwenyewe, apande kwa miguu hadi juu, aketi nasi. Tuliomba pia kila mkataba mpya utaje jina la anayewajibika, kiasi cha fedha atakachokaa nacho kwa matengenezo ya dharura, na idadi ya siku ambazo pampu haitakiwi kuzizidi ikiwa mbovu.

Alikuja binti yake, mtu wa makamo, na alipanda. Ghorofa ya nne alisimama kupumzika, akashika ukuta, akauliza yule bibi alikuwa akiishi mlango upi. Pampu mpya ilifungwa mwezi ule ule. Vipengele viwili kati ya vitatu vimeingia kwenye mikataba mipya. Cha fedha ya dharura bado tunakidai. Lifti haijatengenezwa.