Wali Wetu na Mkate wa Bwana

Mtoto mmoja wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza alituuliza kwa nini Bwana wetu hakuchagua wali. Wenziwe walicheka, nasi nusura tucheke pamoja nao, walakini swali lile si la kuchekwa. Hapa Ifakara, na katika bonde lote la Kilombero, mtu aliyekosa wali husema hajala. Ngano yatoka Hanang na nchi nyingine za baridi, na zabibu zastawi Dodoma, si katika mbuga zetu za mafuriko. Tena wako watu wazima wadhanio kwamba mkate ule mweupe ni desturi ya Wazungu, kwa kuwa wazee wao waliupokea mikononi mwa mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika nchi hii mwaka 1921.

Twaweza kumjibu mtoto kwamba sheria ya Kanisa yaamuru mkate wa ngano na divai ya zabibu. Jibu hilo ni la kweli, ila halimshibishi aulizaye. Yatupasa kurudi nyuma zaidi, mpaka Misri. Na Misri si Ulaya, ni nchi ya bara hili letu.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, chaeleza usiku ule. Waisraeli walikuwa watumwa. Kila nyumba iliamriwa kuchinja mwana-kondoo asiye na ila, jioni ya siku ya 14 ya mwezi, na kupaka damu yake katika miimo ya mlango. Nyama iliokwa motoni, ikaliwa pamoja na mboga chungu (mwenye kujua mnavu ataelewa) na mikate isiyotiwa chachu. Walikula wamefunga viuno, viatu miguuni, fimbo mkononi. Unga haukupata nafasi ya kuumuka, maana safari ilikuwa usiku uo huo. Basi mkate ule haukuchaguliwa kwa kuwa ngano ni bora kuliko mpunga. Ni chakula cha watumwa waliokuwa wakiondoka kwa haraka. Kwa sababu hiyo hostia yetu mpaka leo ni nyembamba, haina chachu. Wenzetu wa Makanisa ya Mashariki hutumia mkate ulioumuka, nao wana maana yao, hatugombani nao.

Sura ile ile yataja jambo la pili lililotufurahisha sisi walimu: watoto watauliza maana ya ibada hiyo, na wazazi hawana budi kuwajibu. Kumbe mtoto wetu wa Ifakara alikuwa ndani ya Pasaka bila kujua! Na Wayahudi wajibuvyo, hata walio wa leo, hawasemi tu kwamba Mungu aliwatoa babu zao. Husema alitutoa sisi. Kukumbuka kwao ni kuingia katika tendo lenyewe, si kulitazama kwa mbali kama mtu atazamavyo picha ukutani.

Ndivyo alivyofanya Bwana wetu usiku wa kuamkia mateso yake. Mathayo, Marko na Luka waiita karamu ile Pasaka. Yohane aonyesha kwamba Bwana alikufa siku ya maandalio ya Pasaka, wakati wa kuchinjwa kwa kondoo. Wataalamu wabishane juu ya siku. Wote wanne watuelekeza kwa Mwana-kondoo yule yule, ambaye mfupa wake haukuvunjwa. Bwana alitwaa mkate wa safari, akasema ni mwili wake. Angetumia wali, tungepata chakula cha kwetu, lakini tungepoteza usiku wa Misri.

Sasa tufike mahali panapotuuma. Aya ya 4 yaamuru kwamba nyumba ikiwa ndogo, isiyoweza kummaliza kondoo mmoja, ishirikiane na jirani aliye karibu. Kabla ya damu, kabla ya safari, jirani amekwisha kuhesabiwa.

Pasaka ya Wayahudi huangukia wakati shayiri yao inapoiva. Pasaka yetu huangukia masika: mto umejaa, mpunga ungali kijani, watu wengi wamehamia katika madungu ya shambani kupalilia na kufukuza ndege, na ghala ya mwaka jana inakwisha. Hapo ndipo mwenye akiba humpa jirani gunia moja la mpunga, naye jirani huahidi kurudisha mawili wakati wa mavuno. Kisha Jumapili ya Pasaka hao wawili hufuatana katika mstari mmoja kukomunika.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto, katika barua ya kwanza, sura ya 11, kwamba mkutano wao haukuwa chakula cha Bwana, kwa maana mmoja alikaa na njaa na mwingine alilewa. Hakuwalaumu kwa kukosea sala. Aliwalaumu kwa ajili ya tumbo la jirani.

Wako watakaotujibu kwamba gunia la Aprili lina bei kubwa kuliko gunia la Julai, na ya kuwa kurudisha gunia kwa gunia ni hasara kwa mkopeshaji. Ni kweli, wala hatumwambii mtu atupe mali yake. Panya nao wanakula, na magunia yananunuliwa. Basi mkopaji na aongeze debe moja, au mawili ikiwa mwaka ni mgumu, wapatane mbele ya mashahidi. Lakini gunia zima la pili, lililotolewa na mtu ambaye watoto wake walikuwa hawajala, hatuoni lapita mlango gani uliopakwa damu. Hatusemi mwenye ghala azuiwe altareni. Hilo ni la padre na dhamiri yake. Twasema alirudishe, na ikiwezekana kabla ya mvua za mwaka ujao, jirani apate mbegu.