Chura Aliyepanda Ndege

Nafundisha mwaka wa nne wa shule ya msingi hapa Nyarugusu. Masika yaliyopita tulifika kwenye somo la vyura, na kwa kweli sikutegemea linisumbue. Kiluwiluwi anaota miguu, mkia unaisha, ngozi inakunywa maji na kupumua. Watoto wanachora, kengele inalia, basi. Hata vifaa sikuhitaji: vyura walijaa kwenye mfereji wa bomba, na wavulana walikuwa wanawapiga mawe wakisubiri zamu ya ndoo.

Kwa ajili ya yale mawe nikaamua kuwasimulia chura wa Kihansi. Ni wa hapahapa Tanzania, kwenye milima ya Udzungwa. Mdogo, hafiki sentimita 3, rangi ya njano, na hatagi mayai kama wengine. Anazaa vichura vilivyokamilika. Dunia nzima alikuwa na makao mamoja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Wataalamu walimgundua 1996, mwaka uleule kambi yetu ilipofunguliwa. Bwawa la umeme lilikuwa limeshaanza kujengwa. Lilipoanza kazi, maji mengi yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyiza. Halafu 2003 vyura wakafa karibu wote, na ugonjwa wa kuvu ya ngozi ukaonekana kwao. 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Lakini mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikuwa wamepandishwa ndege kwenda Marekani. Wakatunzwa, wakazaana, 2010 wakaanza kurudi Dar es Salaam, na 2012 wakaachiwa korongoni kwao.

Darasa kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akasema: "Mwalimu, bale bachura balirudishwa kwabo. Na siye?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Jibu la haraka lilikuwa tayari mdomoni: chura anakula mbu, mbu analeta malaria, kwa hiyo tumlinde. Nalisema kila mwaka. Siku ile nililiogopa. Chura wa Kihansi hajawahi kula mbu hata mmoja wa Nyarugusu, wala hakuna aliyelala njaa alipopotea. Kama thamani ya kiumbe ni kazi anayomfanyia mtu, yule alistahili kuachwa. Na swali hilohilo litatugeukia: hawa wanatufaidia nini? Tumeshaulizwa, ndugu zangu. Mzee wa hapa kambini asiyelima wala kuuza anaulizwa hivyo hata na wajukuu wake, mgao ukipungua.

Wengine, hata kati yetu walimu, wanasema wazungu wanampenda chura kuliko mkimbizi. Uchungu huo naujua, siukemei. Ila hesabu yake siikubali. Chura akiachwa afe, hakuna mtu wa Fizi anayerudi Fizi kwa sababu hiyo. Na umeme nao si dhambi: megawati 180, hospitali zinawaka taa, watoto wanasoma usiku. Walipoanza kujenga hawakujua hata kama chura yupo. Hilo ndilo linanikereketa zaidi. Sisi tulifukuzwa na watu tunaowajua kwa majina. Kumbe mtu anaweza kupoteza kwao bila adui yeyote, kwa kutokuonekana tu. Ninyi mnaokuja na fomu za kutuhesabu, naomba mlifikirie hilo nanyi.

Yule binti sikumpa jibu la swali lake, maana sina. Nilimwambia tu kwamba hata hao waliorudi, korongoni kwao manyunyu bado yanategemea mabomba yaliyowekwa na watu.

Akafikiri kidogo. "Basi nabo banapanga foleni?"

Jumatatu wavulana walikuwa tena mferejini. Mawe yamepungua, hayajaisha.