Nyumbani kwa Nani? Vita vya Dunia na Mpagazi wa Afrika Mashariki

Vita vya 1914 hadi 1918 twaviita vya dunia, na mara nyingi huvisoma kana kwamba dunia nzima ilikutana barazani ikaafikiana kupigana. Ukweli ni kwamba walioamua walikuwa wachache, na waliopelekwa walikuwa wengi. Kwa hiyo yafaa tujiulize: taifa lina haki gani ya kumdai mtu jasho lake, chakula chake na uhai wake kwa ajili ya vita?

Taifa linalopigana vita vikubwa huwa na medani mbili, moja ugenini na nyingine nyumbani. Uingereza ilianza kuwaandikisha vijana wake jeshini kwa lazima mwaka 1916, na wanawake kwa maelfu wakaingia katika viwanda vya risasi. Ujerumani, iliyozibiwa njia za bahari, ilipata majira ya baridi ya 1916 na 1917 ambapo viazi vilikosekana, watu wa mijini wakala mizizi iliyokuwa chakula cha mifugo. Mateso hayo hatuyadharau. Lakini mwenye kuteseka nyumbani kwake alikuwa na namna ya kudai. Mwaka 1918 Bunge la Uingereza liliwapa kura wanaume wote waliotimiza miaka 21, pamoja na wanawake wengi waliotimiza miaka 30. Nchini Ujerumani mabaharia na wafanyakazi waliasi, na Kaisari akaanguka mwezi Novemba mwaka huo huo. Serikali ilikopa kwa watu, na watu wakadai deni lao.

Je, huku kwetu? Hapa ndipo hesabu inapoharibika, kwa maana nyumbani kwetu ndiko kulikokuwa ugenini kwao. Mwanakijiji wa Afrika Mashariki alikuwa katika medani zote mbili kwa wakati mmoja, wala hakuulizwa neno juu ya hata moja.

Tutazame kazi ya mpagazi. Mbung'o waliua wanyama wa kukokota, barabara zilikuwa haba, na reli hazikufika kila mahali. Basi mizigo ya majeshi ilikwenda kwa vichwa vya watu. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za nafaka, naye ala kilo moja kwa siku, akienda mwendo wa siku kumi na kurudi, atakuwa amekula kilo 20. Zinazomfikia askari ni tano tu. Kila jeshi lilivyozidi kusonga mbele ndivyo lilivyohitaji wapagazi zaidi, na kila mpagazi aliyeongezwa alihitaji wengine wa kumbebea posho. Huko Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu wakusanywe kwa nguvu, na upande wa Wajerumani maakida na majumbe walitakiwa kutoa watu vivyo hivyo. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi. Mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Ugogo ulilipa zaidi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza walipoingia mwaka 1916 nao wakachukua vilivyobaki. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haikuwapo. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa.

Wako watakaosema kwamba askari wengi Waafrika walijiandikisha kwa hiari, wakipenda mshahara na heshima ya bunduki. Hatukatai, lakini hiari ya askari haimhalalishii mtu kumfunga kamba mpagazi. Wako pia watakaotukumbusha vita vya pili, ambavyo sababu yake ilikuwa njema. Naam, Hitler alistahili kupigwa vita. Hata hivyo wema wa sababu haugawi mzigo wenyewe. Mwezi Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walitangaza kuheshimu haki ya watu wote kuchagua serikali waitakayo. Mwezi uliofuata Churchill akalieleza Bunge lake kwamba waliofikiriwa hasa ni mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Hitler. Wakati huo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa jeshini, na mwaka 1944 walikuwa wakipigana katika misitu ya Burma. Nyumbani Tanganyika, wengine walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameteka nchi za Asia zilizotoa mali hiyo.

Pale Dar es Salaam sanamu ya askari mwenye bunduki imesimama tangu 1927. Mpagazi aliachiwa jina la soko, Kariakoo, palipokuwa kambi ya kikosi chake baada ya Waingereza kuuteka mji. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni waliolitumikia jeshi. Waliokufa kwa Mtunya hawamo hata katika hesabu hiyo.