Kereng'ende Asiyevuka Bahari

Katika msitu wa Shimba Hills, pwani ya Kenya, miti mikongwe ina matundu kwenye mashina yake. Mvua ikinyesha, matundu hujaa maji, majani huozea humo, na maji hugeuka mekundu kama chai ya rangi. Ukichungulia, utadhani hamna kitu. Kumbe ndimo anamolelewa mmoja wa kereng'ende wakubwa wa Afrika, aliyepewa jina la kisayansi Coryphagrion grandis mwaka 1924. Ni wa kundi la kereng'ende wembamba, ambao wengi wao wakitua hukunja mbawa juu ya mgongo.

Mtazame akiwa bado lava. Hana mbawa, mwisho wa mkia ana matamvua matatu ya kupumulia majini. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa, umetulia. Kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu, mdomo huo huchomoka ghafla, hukinasa kwa kulabu zake na kukivuta hadi kwenye taya. Ndani ya tundu lisilojaza hata ndoo, yeye ndiye mwindaji mkuu. Nani aliyempangia riziki hiyo, tena mahali hapo?

Ajabu kubwa zaidi ni nasaba yake. Ndugu zake wa karibu hawako kwingine Afrika. Wako ng'ambo ya Atlantiki, katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Mmoja wao, Megaloprepus, anapatikana Panama, na mbawa zake zikitandazwa zaweza kufika sentimita 19. Naye hulelewa katika maji ya tundu la mti, na dume hulinda tundu lake dhidi ya wenzake. Akila, huelea mbele ya utando wa buibui, kisha humchopoa mwenye nyumba bila yeye mwenyewe kunaswa.

Je, hawa wawili walifanana kwa sababu tu ya kuishi maisha ya namna moja? Swali hilo liliulizwa kwa muda mrefu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vyao, yakaonyesha kuwa ni ukoo mmoja.

Wapo kereng'ende wasafiri, wanaopita juu ya Bahari ya Hindi wakibebwa na upepo. Huyu wetu si wa safari hizo. Maisha yake ni kivuli cha msitu. Basi ukoo wake ulifikaje pande zote mbili? Jibu walilopendekeza watafiti hao ni kwamba haukuvuka. Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi kavu moja, sehemu ya bara kuu la Gondwana. Yapata miaka milioni 100 iliyopita zikaachana, bahari ikaingia katikati, na kila upande ukaondoka na watoto wake. Ng'ambo ukoo ukachanua, ukazaa zaidi ya spishi kumi. Huku kwetu imebaki moja tu, katika misitu ya pwani na ya chini ya milima ya Tao la Mashariki, ambako unyevu wa Bahari ya Hindi bado unafika.

Utukufu ni wake Mwenyezi Mungu, anayesogeza mabara na papo hapo asisahau maji ya tundu moja. Sisi huona ukuu katika vilele na mawimbi. Hapa upo katika kiumbe ambaye hakupewa nguvu ya kukimbia, akapewa mahali pa kukaa.

Na mahali hapo sasa pamo mikononi mwetu. Mti mkongwe wenye tundu hautoi mbao nzuri, kwa hiyo huhesabiwa kuwa wa mkaa tu. Anayeuangusha huenda akadhani amekata mti mmoja mbovu, kumbe amebomoa nyumba ya ukoo ulioiona bahari ikizaliwa. Kumsifu Muumba kwa ulimi ni rahisi. Kuuacha mti ule usimame nako ni kumsifu.